Kinachoangusha maua ya nyanya zako ni usiku

Lindi, Februari

Shoga yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Mikindani, wewe, watoto na bibi. Sisi hatujambo, ila joto tu.

Picha za kitalu nyumba chako nimezitazama moja moja. Minyanya imekwenda juu vizuri, majani mabichi yamenona, lakini chini kwenye udongo maua ya njano yametapakaa na vishada vimebaki vikonyo vitupu. Ile ya karibu ndiyo iliyoniambia zaidi: ua limekatikia kwenye kifundo kilicho katikati ya kikonyo, na kifundo chenyewe kimegeuka njano. Hapo mmea ndio ulioliachia ua, si kazi ya mdudu. Kwa hiyo, tafadhali sana, huyo anayekuambia uongeze urea usimsikilize. Urea itakuzidishia majani, na majani unayo tele.

Umeshughulika mno na jua la mchana, na una haki, maana joto likivuka nyuzi 32 au 35 chavua ya nyanya huharibika na ua halishiki. Lakini usiku umeusahau. Mchana jani linatengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku mmea unapumua na kuitumia sukari hiyohiyo, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyoitumia kwa kasi. Usiku ukiwa wa moto, asubuhi kinachobaki cha kulisha ua na tunda ni kidogo. Jambo hili si geni. Mwaka 1944 Frits Went, mtaalamu wa mimea Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alieleza kwamba nyanya hustawi zaidi usiku ukiwa na ubaridi kuliko mchana: nyuzi 26 hivi mchana, 17 hadi 20 usiku. Sasa fikiria pwani yetu. Mwezi wa Januari usiku wa Mtwara hukaa kwenye nyuzi 23 hivi, tena hapo ni nje penye upepo.

Basi ndani je? Nimeona vitu viwili vinavyonitia wasiwasi. Kwanza, hilo tangi jeusi la maji uliloliweka ndani. Linakunywa joto mchana kutwa, halafu usiku kucha linalitoa palepale miguuni pa minyanya. Litoe leo. Pili, unashusha nailoni za pembeni kila jioni kwa kuogopa paka na wezi. Vitalu vya nailoni pande zote vilibuniwa kwa nchi za baridi ili vishike joto. Sisi tunataka liondoke. Paa liache nailoni lizuie mvua, lakini pembeni pawe neti ya wadudu tupu, wazi mchana na usiku, na juu kabisa pawe na mwanya wa hewa moto kutokea. Kama ni wezi, weka mlango wenye kufuli na senyenge kwa nje.

Kwa mchana, koroga chokaa nyepesi na maji uipake juu ya nailoni kwa nje. Jua litapungua, na mvua zikija zitaiosha zenyewe. Maji mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni, unyevu unalala na mimea, majani yanaamka yamelowa, na ukungu haukawii. Na kwa kuwa neti inazuia upepo na nyuki, kila siku saa tatu au saa nne asubuhi pita ukigonga vishada kidogo kwa kidole ili chavua ianguke. Mimi kazi hiyo naipenda kuliko zote shambani, kwa sababu chavua kavu unaiona inatoka kama vumbi la unga.

Ila nikuambie ukweli: hata ukifanya yote haya, hutapata usiku wenye ubaridi kuliko ulio nje, labda ununue mitambo, na umeme wake hautalipwa na nyanya. Kwa hiyo sogeza msimu. Sia mbegu mwanzoni mwa Aprili, miche iingie kitaluni Mei, maua yafunguke kuanzia Juni kusi likivuma. Mwezi wa Julai usiku wa huko hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na hapo nyanya inazaa kwa raha. Hata rangi itakuwa bora, maana joto likipita nyuzi 30 wekundu wa nyanya haujengeki vizuri, tunda linabaki na rangi ya chungwa na wanunuzi wanalikataa. Wenzetu wa Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, usiku wao una ubaridi zaidi, kwao shida ni maji.

Miezi hii ya joto kitalu kisikae bure. Panda matango ya aina inayozaa bila nyuki, usiku wa joto hayana ugomvi nao. Bamia ipande nje, haihitaji paa.

Nunua kipimajoto kinachoshika kiwango cha juu na cha chini, ukitundike kimo cha vishada, kivulini. Nitumie namba za wiki nzima, uzisome alfajiri kabla jua halijagonga nailoni. Unipimie pia urefu kutoka chini hadi ukingo wa paa. Kama haufiki mita mbili na nusu, fundi aje alinyanyue kabla ya Mei, maana miche ikishaingia ataivunja.

Ni mimi shoga yako.