Neno la siri la BIOS halijaua kompyuta yako

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kompyuta yangu ya mezani ilikaa miaka miwili bila kuguswa. Nilipoiwasha, ikadai neno la siri la BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine, kabla hata Windows haijafunguka. Nililiweka mwenyewe, nikalisahau mwenyewe. Fundi mmoja akanihakikishia kuwa ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani, umekufa, ninunue mwingine. Uongo mtupu!

Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, kisha nikafungua ubavu wa kasha. Ndani kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3. Nikaitoa, nikangoja dakika kumi, nikairudisha. Wapi! Saa ilirudi nyuma miaka kadhaa, lakini neno la siri likadaiwa vilevile, kwa kuwa mashine nyingi hulihifadhi kwenye chipu isiyotegemea betri.

Ndipo nikafungua kijitabu cha ubao, ambacho ningekisoma tangu mwanzo kama si ukaidi wa uzee. Kando ya betri palikuwa na pini zilizoandikwa PSWD, kifupi cha “password” yaani neno la siri, zimevishwa kikofia kidogo cha plastiki. Nikachomoa umeme tena, nikakihamisha kama kijitabu kilivyoelekeza, nikawasha. Kimya, hakuna swali.

Wenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, watafute kwanza ufunguo wao wa dharura, huenda ukadaiwa baadaye. Na kompyuta za mapajani nyingi hazina pini hizo.

Mhasibu mstaafu