Mmeifufua au mmeizika? Barua kwa vijana wa vitu vya kale

Wanangu,

Nimeona tena cherehani nyeusi ya miguu iliyopuliziwa rangi ya dhahabu mpaka ndani ya vitundu vya mafuta. Kichwa, yaani mashine yenyewe ya kushonea, kimeng'olewa, miguu imewekewa ubao, imekuwa meza ya maua. Mnasema mmeifufua. Maiti aliyepakwa wanja hajafufuka.

Simlaumu anayevutwa na vitu hivi. Kuna ule mlio, kuna rangi iliyosuguka pale mkono wa mshonaji ulipokuwa ukikaa, na kuna raha ya kitu ambacho kikikwama unakifungua na kuona kilipokwamia. Sasa mbona hayo ndiyo mnayoanza kuyafuta?

Tuje kwenye mafuta. Cherehani nyingi mnazoziita mbovu hazijavunjika kitu. Mafuta ya zamani yamekauka ndani yakawa gundi. Wengine hutia ya kupikia, ambayo hewa huyagandisha kama vanishi. Gurudumu likigoma, kijana anashika koleo. Koleo la nini? Chomoa sindano, toa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kikasha chake. Dondosha matone mawili matatu ya mafuta ya taa katika kila kitundu na kila mahali chuma kinaposugua chuma, mbali na moto. Iache ilale. Asubuhi peleka gurudumu mbele na nyuma kwa mkono. Likisogea hata unene wa ukucha, ongeza, subiri tena. Huenda ikachukua siku tatu, na siku tatu si nyingi. Ikilegea, futa ule uchafu wa kahawia, kisha tia mafuta ya cherehani, tone moja kila kitundu. Msiruke hapo: mafuta ya taa huyeyusha gundi lakini hayalainishi, ukiyaacha peke yake chuma kinalika. Anza kushona kitambaa chakavu, mafuta yaliyozidi yaishie huko.

Nakshi za dhahabu msiziguse kwa spiriti wala thina. Vanishi inayozikinga kwenye mashine nyingi za zamani huyeyuka kwa spiriti, nazo zinaondoka na kitambaa. Pamba yenye mafuta ya cherehani inatosha, mkijaribu kwanza upande wa nyuma.

Mengine kwa kifupi. Mkanda wa ngozi ukiteleza, ufupishe sentimita moja moja. Uzi ukijisokota chini ya kitambaa, safisha kwanza visahani vya kukazia uzi vilivyo juu. Ikiruka mishono, tazama sindano imekaa upande gani kabla ya kugusa skrubu. Pigeni picha kabla ya kufungua.

Lawama si yenu peke yenu. Wanunuzi wamezoea kulipia sura ya uzee: kiti kipya kinapigwa minyororo kionekane cha babu, na cha babu kinaoza uani. Na sisi wazee tulikalia ujuzi kama kuku juu ya mayai viza.

Wewe mwenye meza ya maua, kichwa kiko wapi? Kama hujakiuza kwa kilo, tafuta ubao wenye tundu la kukitosha. Kinashikwa na bawaba mbili tu, na skrubu moja moja chini yake.