Dada, nimesikia umechukua paka mwingine

Shikamoo dada. Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, maana najua huwa unapita.

Mwanao ameniambia una paka mpya. Nimefurahi, kweli. Sijaona mtu anayependa paka kama wewe. Yule paka wako marehemu alikuwa anakupanda mgongoni ukiinama kufua, nawe unaendelea kufua hivyohivyo ili asianguke. Ndiyo maana lile neno ulilowaambia ndugu zetu, kwamba mimi na daktari wangu wa mifugo ndio tuliommaliza kwa sindano, limenikaa kooni mpaka leo.

Jioni ile ulikuwepo. Alichuchumaa kwenye beseni la mchanga, mkia unamtetemeka, anajikamua, analia kwa sauti nzito ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Akatoka, akajilamba chini ya mkia, akarudi. Nikaufukua mchanga: tone moja, tena jekundu. Nikakwambia huyu hakufunga choo, huyu hakojoi. Ukanijibu kwamba si bure watu husema roho ya paka, ukamnywesha kijiko cha mafuta, ukaenda kulala. Usiku alipoanza kutapika nikaja kukugonga. Ulisema, "Mwache apumzike."

Daktari alipomgusa tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno; chembechembe zinazofanana na mchanga, au ute, zinatosha kuiziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo zinashindwa kazi, potasiamu inazidi kwenye damu, na moyo unasimama. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Sindano uliyosikia habari zake ilikuwa ya kutuliza maumivu, ili apitishwe mpira wa kutoa mkojo. Hakufika huko. Unasema nilimchukua bila ruhusa yako. Ruhusa ningeingoja mpaka saa ngapi, dada?

Basi huyu mpya umwangalie. Paka anaficha maumivu, hatakuja kukulalamikia. Utaona tu haruki tena dirishani, manyoya yamesimama hovyo kwa sababu ameacha kujilamba, au anajificha chini ya kitanda hata ukimwita kula. Akikataa chakula siku nzima, mpigie daktari. Hasa akiwa mnene, maana paka mnene asipokula siku chache mafuta hujaa kwenye ini. Akizeeka, akawa anakunywa maji kupita kawaida na huku anakonda, usifurahie kwamba bado anakula vizuri. Hiyo inaweza kuwa figo, kisukari au tezi ya shingoni, na kipimo cha damu kitaonyesha. Vipande kama punje za mchele chini ya mkia ni tegu, vinatibika, usihangaike. Lakini akihema kwa mdomo wazi, au fizi zikiwa nyeupe au za manjano, ni kwenda saa hiyohiyo. Akiwa usingizini hesabu pumzi zake. Zikizidi 30 kwa dakika, na zikaendelea hivyo, mpeleke.

Na vile vidonge vyako vya kichwa viweke mbali. Najua mkono wako ni mwepesi kugawa dawa, umetutibu sote tangu mama alipoondoka, na hatukuwahi kukushukuru vya kutosha. Lakini paracetamol kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaua. Mimi sisemi haya kukufundisha. Nayasema kwa sababu siku ile niliyasema ukayaona maneno ya mtoto, na baadaye nikageuzwa mwuaji mbele ya shangazi zetu wote.

Ufunguo wa mlango wa nyuma bado ninao, nitampa mwanao akuletee.

Hakuniambia kama huyu ni dume au jike. Kama ni dume, ukimwona anarudi mchangani mara kwa mara bila kutoa kitu, usimpe mafuta na usingoje kuche. Hata mimi usinitafute kwanza, mpeleke kwa daktari.