Kazi ya wiki: utani uliofichwa Enterprise-D

Wadau, wiki hii ni tamthilia ya TV Star Trek: The Next Generation (1987–1994), ya meli ya anga Enterprise-D. Tumieni diski za Blu-ray zilizoanza kutoka 2012, maana filamu ilisomwa upya. Toleo la zamani lilihaririwa kwenye kanda ya video, maandishi madogo ni ukungu mtupu hata ukivuta picha.

Chumba cha injini kina mchoro mkubwa wa meli ukutani. Simamisha picha, tafuta bata na panya. Ni utani wa kina Michael Okuda, mchoraji wa michoro ya tamthilia hiyo.

Namba 47, utani mwingine unaojirudia kila mahali, msihesabu, mtakesha!

Fumbo: msimu wa 2, namba ya usajili ya meli Yamato inatajwa kwa mdomo kuwa NCC-1305-E. Kufika kipindi cha “Contagion”, msimu huohuo, imeandikwa NCC-71807. Mimi nafuata iliyoandikwa. Mwenye hoja nyingine atume picha, na dakika aliyosimamisha.