Sentrifuji inaandika nyuzi 4, sampuli zinatoka na joto

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SENTRIFUJI YA BARIDI MLIYOTUUZIA HAIPOZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya botania chuoni. Huu ni mwezi wa tatu tangu mtuletee sentrifuji hii, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi ili vilivyo vizito vitulie chini. Fundi wenu amekuja mara mbili, akatazama kioo cha kuonyesha joto, akasema iko sawa kwa kuwa kinaandika 4. Alhamisi nilijaza maji ya barafu kwenye chupa za rota (sehemu inayozunguka), nikazungusha kwa 12,000 g, yaani mara 12,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, dakika 15, kisha nikatumbukiza kipimajoto ndani ya chupa. Nyuzi 17.

Huenda kwa wateja wengine hilo si neno. Sisi tunatoa mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kwenye viazi mviringo. Tunavisaga sekunde chache ndani ya bafa (kimiminika cha kutunza sampuli) baridi ya manitoli, tunachuja kwa melimeli, tunazungusha kwa 1,000 g ili wanga na mabaki ya kuta za seli yatulie, halafu maji ya juu yanarudi kwa 12,000 g ili mitokondria zishuke. Kiazi kikishasagwa, vimeng'enya vyake huanza kutafuna mafuta ya tando. Albumini, protini tunayotia kwenye bafa, hunasa asidi za mafuta, lakini bila baridi haifui dafu.

Ushahidi ni huu. Tunapima saitokromu oksidesi, kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, kwa mwanga wa nanomita 550. Utando wa nje ukiwa mzima, saitokromu c, protini ambayo kimeng'enya hicho huifanyia kazi, tunayoiongeza haipenyi, kwa hiyo kimeng'enya kinaonekana kama kimelala hadi tutie sabuni ya kupasua utando. Kwa mashine yenu, kasi kabla ya sabuni na baada yake zilikaribia kulingana. Yaani mitokondria zilishapasuka zamani. Viazi vya gunia hilo hilo, siku hiyo hiyo, tulivizungusha kwenye mashine ya kuazima idara ya jirani: kasi ilipanda mara nane baada ya sabuni. Fundi wenu aliuliza kama tatizo si viazi. Sasa jibuni nyinyi.

Mwanafunzi wa uzamili amerudia jaribio mara sita, kemikali zimeisha, na viazi vilivyobaki tumevila chipsi.

Naomba mlete fundi mwenye kipimajoto, apime ndani ya chupa rota ikiwa imezunguka, si hewa ya chemba. Akague kompresa na gesi. Ikishindikana, mbadilishe mashine, maana waranti bado hai. Na ile ankara ya safari ya pili ya fundi wenu irudi kwenu. Hatulipii mtu kusoma kioo.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Fundi Sanifu, Maabara ya Botania

Nakala: Mkuu wa Idara, Ofisi ya Manunuzi