Kwa uliyewalea paka wetu wanne

Hukutaka jina lako litajwe, nami naliheshimu hilo. Ila kunyamaza siwezi.

Ulifika jioni kwenye kituo chetu cha kutunza wanyama, ukalipokea boksi lenye watoto wanne wa paka, macho bado yamefumba, ukasema tu, "Nitakaa nao mpaka wajiweze."

Wengi hawajui mzigo uliojitwisha. Mtoto wa paka wa umri ule hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, tena kwa maziwa yake maalumu, maana ya ng'ombe humharisha. Hata kukojoa hawezi peke yake; lazima umpanguse kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kama ambavyo mama yake angemlamba. Na akipoa mwili, humlishi kabla ya kumpasha joto. Ulifanya yote hayo, na asubuhi ukaenda kazini.

Ulipowarudisha baada ya wiki nane, nililia. Yule mdogo wa rangi ya chungwa, niliyedhani hatafika kesho yake, alinipanda mkononi hadi begani, akajikunja shingoni mwangu na kunguruma kwa raha.

Wote wamepata kwao. Bahasha uliyoificha chini ya blanketi tuliiona. Imelipia chanjo zao. Na nafasi uliyotuachia kituoni alilazwa mbwa aliyevunjika mguu, ambaye tusingekuwa na pa kumweka.

Ahsante sana, ndugu yangu. Blanketi lako tumelifua, tumekuwekea.