Barua ya wazi kwa Rais wa CECAFA: michuano ya dada zetu inachezwa lini?

Mheshimiwa Rais, shikamoo.

Mi ni shabiki wa kawaida tu wa Mbagala, sina cheo chochote kwenye mpira, naandika huku mtandaoni kwa sababu barua ya karatasi najua itaishia kwa sekretari. Nianze na lenyewe kabisa kabla sijapotea kwenye maneno: michuano ya CECAFA, baraza letu la mpira la Afrika Mashariki na Kati, ya timu za taifa za wanawake haina kalenda. Inachezwa ikichezwa. Sisi mashabiki tunapata taarifa kama ya msiba, kesho kutwa mfike, aliyeweza kaja na aliyeshindwa tumsamehe.

Angalia hata historia yenyewe. Ya kwanza ilichezwa Zanzibar 1986, halafu kimya mpaka 2016 kule Uganda, yaani straika aliyezaliwa mwaka ule wa 1986 anaikuta ya pili ana miaka 30 na goti linauma. Ile ya 2016 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakabeba kwa kumfunga Kenya 2-1 fainali, tukasema haya sasa mambo yameanza, 2018 Kigali wakabeba tena, 2019 ikaja hapa Dar, uwanja wa Chamazi. Kisha korona, sawa, hiyo hamna wa kumlaumu. Ikarudi Juni 2022 Njeru kule Uganda, na Uganda mwenyewe akawa bingwa, halafu tena kimya mpaka Juni 2025 Chamazi. Sasa mtu akikuuliza hii michuano ni ya kila baada ya muda gani utamjibu nini? Miaka miwili? Mmoja? Mitatu?

Wakenya ndo wanaoniuma zaidi, na mi ni Mtanzania, kwa hiyo ujue nasema kweli. Novemba 2019 walikuja kutufunga nyumbani kwetu 2-0 fainali, Jentrix Shikangwa kafunga yote mawili. Bingwa huyo hakupata nafasi ya kutetea kombe lake, maana 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA, mambo ya viongozi yale, wachezaji hawakuwa na kosa lolote, na kwa kuwa hakukuwa na mashindano mengine mpaka 2025 ina maana Harambee Starlets walikaa miaka mitano na nusu bila kucheza CECAFA hata mechi moja. Binti aliyekuwa na miaka 19 siku ile Chamazi, aliporudi kwenye michuano alikuwa anaelekea 25. Hiyo ndo miaka ambayo mchezaji anatengenezwa. Kama ratiba ingekuwa ya uhakika, kufungiwa kungemgharimu toleo moja tu na mwaka unaofuata angekuwemo.

Kuna kitu kingine nimekiona, sijui ni bahati tu au ndo mpango. 2022 fainali ilikuwa Uganda na Burundi, 3-1, na mwezi uliofuata wote wawili wakawa Morocco kwenye WAFCON, yaani Kombe la Afrika la wanawake. Juni 2025 Twiga Stars wamechukua kombe kwa kumfunga Kenya 1-0 mechi ya mwisho, Julai nao hao Morocco. Naanza kuona michuano yetu inakumbukwa pale ambapo kuna mtu anahitaji kupasha misuli kwa ajili ya mashindano ya wenzetu. Kupasha kunasaidia, sikatai, Twiga walienda kule wakatoka 1-1 na Afrika Kusini ambao ndo walikuwa mabingwa watetezi, tena Opa Clement ndo aliyetangulia kufunga. Ila hivi ambao hawajafuzu WAFCON, Sudan Kusini, Djibouti, Rwanda, wao wanapashwa na nani? Hao ndo wanaihitaji CECAFA kuliko sisi.

Msije mkasema haiwezekani, maana mnaiweza. Michuano ya klabu za wanawake ya kanda yetu ilianza 2021 na tangu hapo haijaruka mwaka. Vihiga Queens walichukua Nairobi, 2022 Simba Queens hapa Dar na wakaenda kumaliza wa nne Afrika, 2023 JKT Queens kule Uganda, 2024 CBE kwao Addis Ababa, 2025 JKT Queens tena wakachukulia Nairobi. Kila mwaka! Kwa nini ile inawezekana? Kwa sababu CAF, shirikisho la mpira la Afrika, anahitaji jina la bingwa wa kanda kwa ajili ya Ligi ya Mabingwa na tarehe anaiweka yeye. Kumbe tukisimamiwa tunaweza, tukiachiwa wenyewe ndo tunalala.

Na jirani zetu wa kusini mnawaona. COSAFA ya wanawake tangu 2017 inachezwa karibu kila mwaka, hata 2020 na korona yake walicheza. Oktoba 2021 Twiga Stars walienda kule wakiwa waalikwa, wakamfunga Malawi 1-0 fainali, wakarudi na kombe la kanda ya watu. Tulishangilia sana, lakini mwaka huohuo kwetu timu za taifa za wanawake za wakubwa hazikuwa na michuano ya kanda. Binafsi niliona aibu kidogo katikati ya furaha.

Sasa kuna hili la wachezaji wa nje. Zamani halikuwa tatizo maana karibu wote walikuwa hapahapa, siku hizi Clara Luvanga yuko Al Nassr Saudia, na Waganda na Wakenya nao wanazidi kutoka. Klabu hailazimiki kumwachia mchezaji nje ya kalenda ya FIFA, hilo mnalijua kuliko mimi. Mkipanga tarehe zenu pembeni ya kalenda ile, makocha watabaki kupiga simu kuomba huruma, wengine watakubaliwa wengine hapana, halafu tunaita mashindano ya timu za taifa.

Naomba nikae kidogo kwenye Zanzibar. FIFA hawapo. CAF waliingizwa Machi 2017 na Julai ya mwaka huohuo wakatolewa. Kwa hiyo timu ya wanawake ya Zanzibar haiwezi kucheza kufuzu WAFCON wala Kombe la Dunia, kilichobaki cha wakubwa ni CECAFA. Ndio, binti wa Unguja anaweza kuitwa Twiga Stars na akacheza, lakini wangapi wataitwa? Hao wengine, mwaka ambao CECAFA haipo hawana kitu, na hata 2025 ilipokuwepo wao hawakuwemo, zilikuja timu tano tu kati ya wanachama 12, Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Sijui nani alisema hapana na nani hakuulizwa, ila Chamazi na Unguja ni boti tu.

Najua utaniambia hela. Sawa. Lakini hela nayo inataka tarehe. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mwaka wa serikali unaanza Julai, bajeti zinasomwa Juni, sasa shirikisho litaiombaje wizara nauli na posho za kambi kwa mashindano ambayo hayajatangazwa? Mdhamini ndo kabisa, huwezi kumuuzia kitu ambacho hata wewe hujui kitachezwa mwezi gani. Wakati mwingine nahisi hela haipo kwa sababu tarehe haipo, na tarehe haipo kwa sababu hela haipo, tunazunguka humohumo.

Kwa hiyo ninachoomba: mwenyeji atangazwe miaka miwili kabla, tarehe ziwe ndani ya kalenda ya FIFA, na asiyekuja aseme mapema ili sababu yake tuijue. Mkianza na hayo mengine tutazungumza.

Na kwa wenyeji wala msihangaike. AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na kuna viwanja vipya, Arusha, Talanta kule Nairobi, Hoima kule Uganda. Wanaume wakishamaliza, vile viwanja naomba visigeuzwe vya matamasha na mikutano tu. Wapeni dada zetu Arusha, na jioni, sio saa nane mchana siku ya kazi halafu mseme watu hawaji. Mi nauli naanza kuweka, nisubiri tarehe tu.

Wako,
Shabiki wa Twiga Stars, Mbagala